Jiwe Linaloona Bukavu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema bila aibu, kama vile mwingine anavyosema yeye ni mtu wa Katana au mtu wa kwaya. Kazi yangu ni cherehani, na cherehani haitembei. Wateja wanaingia, wananyoosha mikono niwapime, wananiachia habari za mji mzima pamoja na vitambaa vyao, wanatoka. Nitoke na mimi nikatafute nini? Mke wangu anasema siku ya mwisho malaika watalazimika kunifuata chumbani, na nitawaomba wakae kwanza kwenye benchi nimalize pindo.

Kwa hiyo ukisikia kwamba mimi, na tumbo hili, nilipanda mlima wa mawe ulio juu ya Luhwindja mpaka mahali ambapo hakukubaki kitu cha kupanda, usidhani nilitamani. Nilitumwa.

Mama mkwe wangu alikuwa amebaki kule na mtoto mmoja tu, shemeji yangu, wa mwisho katika nyumba ile. Sasa shemeji alikuwa amepata kazi ya lori upande wa Uvira, na mama angebaki peke yake kwenye kilima ambapo baridi inaamka kabla ya watu. Magoti yake nayo yalikuwa yameanza kumnung'unikia. Mke wangu akaamua mama atakuja kukaa kwetu Bukavu. Mama akaamua hapana. Wakavutana kwa simu msimu mzima wa mvua, binti akiwa jikoni kwetu, mama akiwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo simu inashika.

Mwishowe mama akatoa sharti. Nyuma ya kijiji chao kuna mlima, juu ya mlima kuna viziwa viwili vya maji, na juu ya viziwa kuna mwamba mkubwa ambao wao wanauita Jiwe, basi, kana kwamba duniani hakuna jiwe lingine. Tangu utoto alikuwa akisikia kwamba mtu akisimama juu ya Jiwe anaona Bukavu. Ndugu zake wa kiume walikuwa wakipanda na kushuka na hadithi. Yeye, kwa kuwa ni msichana, walimwacha kwenye viziwa achunge ndama. Sasa alitaka kuona kwa macho yake. Kama kutoka kwenye Jiwe unaiona Bukavu, basi kutoka Bukavu unaliona Jiwe, na mahali unapoona mlima wa kwenu ukitoka nje asubuhi, mtu anaweza kuzeekea hapo. Kama haionekani, atabaki na magoti yake palepale.

Nilimwambia mke wangu kwamba nina suti ya harusi mkononi. Akasema bwana harusi atangoja. Nilimwambia kwamba shemeji anatosha kumpandisha mama yake. Akasema watoto wana mitihani, yeye hawezi kuwaacha, na mtu wa nyumba hii lazima awepo mama atakapotoa jibu, asije akageuza maneno baadaye. Halafu akanitazama ile namna yake, nikaenda kutafuta begi.

Kabla sijakupeleka mlimani lazima nikueleze heshima ya nyumba ile, kwa sababu bila hiyo hutaelewa shida yangu. Siku hizi mjini utaona kijana anamkumbatia mama mkwe wake mbele ya kanisa, anampiga na picha. Kwa ukoo wa mke wangu, hapana. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakai benchi moja, hawali wakitazamana, hawagusani hata mkono wa salamu. Hata maneno hayaendi moja kwa moja. Yanapita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu akikosekana, yanapita kwa kitu chochote kilicho karibu. Siku moja mama alikuja kumwona mjukuu mchanga, tukabaki wawili sebuleni kwa bahati mbaya. Aliiuliza redio kama hakuna mtu anayeweza kufunga mlango, upepo ulikuwa unamwingilia mtoto. Nikafunga mlango. Redio iliendelea na matangazo ya vifo.

Barabara ya Luhwindja sitaisimulia. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita hataniamini. Nitasema tu kwamba nilifika nikiwa na rangi moja nayo.

Asubuhi tulitoka kabla jua halijafikia migomba. Shemeji mbele na mizigo, mama katikati na fimbo yake na viatu vya mpira, kitenge kimoja kiunoni na kingine mabegani, mimi nyuma. Nilikuwa nimejishonea koti kwa ajili ya safari: blanketi zito nje, kitambaa cha suti ya zamani ndani, mifuko minne. Lilikuwa koti la mtu anayehama na nyumba yake kwa kuivaa.

Shemeji, ambaye kwa Kifaransa chake huniita bofrere, alilizunguka kwanza. "Bofrere, hii ni koti ao ni godoro?"

Nikamwambia akiona baridi asinijie. Akasema baridi ya kule anaijua tangu kuzaliwa, Jiwe amelipanda mpaka amelichoka, na Bukavu ameiona mara nyingi kutoka juu hata angeweza kunionyesha paa la nyumba yangu, na katedrali pia, siku ambayo hakuna moshi. Mama alikuwa anasikiliza. Niliona mkono wake ukikaza fimbo.

Tulipita mashamba ya maharage, tukapita mashimo ya zamani ya wachimba dhahabu yaliyojaa maji mekundu, tukaingia kwenye mianzi. Ndani ya mianzi ni kama ndani ya nyumba ya mtu mwingine: giza, kimya, kila kitu kinadondoka maji, na unajisikia ungepaswa kubisha hodi. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno. Lakini mianzi ilikuwa mirefu mno, na juu kabisa, ambapo majani yanakutana, mwanga ulikuwa kijani na unacheza polepole kama maji, nikajikuta natembea nimeinua uso, kinywa wazi, mpaka nikajikwaa.

"Ambia mwenzako njia iko chini," mama alimwambia shemeji.

Shemeji akageuka. "Mama anasema njia iko chini."

Nikasema nimesikia.

Baada ya mianzi miti ikafupika, ikawa vichaka vigumu vyenye ndevu za kijivu, kisha uwanda wa nyasi zenye maji. Hapo ndipo heshima iliponigharimu mguu. Mama alisimama, akamwambia mwanawe: huyo wa nyuma asikanyage palipo na majani mekundu, chini yake hakuna ardhi. Nilikuwa hatua moja nyuma yake. Nilisikia kila neno. Lakini mkwe mwenye adabu hajibu neno ambalo halijamfikia kwa njia yake, na mguu wangu, ambao una adabu kuliko mimi, ukaendelea kana kwamba haujasikia. Shemeji alipomaliza kunifikishia ujumbe, nilikuwa nimezama mpaka kwenye paja. Alicheka hadi akaweka mizigo chini. Mama hakucheka, aligeuza uso upande wa mlima, na mabega yake yalitikisika muda mrefu.

Na sasa viziwa.

Mimi nimezaliwa Bukavu. Ziwa kwangu si habari. Ziwa liko pale, kila mahali unapogeuka, watu wanafulia nguo. Nilidhani nitaona madimbwi mawili nitikise kichwa. Tulipanda kigongo cha mwisho, na pale chini ya ukuta wa mwamba kulikuwa na maji mawili meusi, hayana wimbi, hayana mtumbwi, hayana mtu. Mbingu yote ilikuwa ndani yake. Kando yake ilisimama ile mimea mikubwa ya kule juu, mfano wa kabichi lililopanda juu ya nguzo likakaa hapo kuangalia, na kila moja lilikuwa na mwenzake kichwa chini ndani ya maji. Hakuna sauti. Nilitupa jicho kwa mama. Alikuwa amevua viatu na kusimama ukingoni, maji yanamgusa vidole, na alikuwa anavitazama viziwa vile kama unavyotazama watoto waliokua ulipokuwa safarini.

Tulikula pale. Viazi vitamu vya baridi na mayai ya kuchemsha, mimi nimetazama mwamba, mama ametazama maji, migongo imeelekeana, shemeji katikati akipitisha chumvi. Ndipo nilipoutazama ule mwamba vizuri. Ulikuwa unapanda kwa ngazi ngazi za mawe yaliyopasuka, makubwa kama vibanda vya soko, na juu ukaingia kwenye ukungu bila kuonyesha mwisho.

Tulipomaliza, shemeji hakusimama. Alisema lazima mtu abaki kulinda mizigo.

Nilitazama pande zote. Kulikuwa na kunguru wawili.

"Mimi nimepanda mara mingi," alisema, akifungua na kufunga kamba ya mzigo. "Bukavu nimechoka kuiona. Muende nyie."

Mama alimtazama mwanawe kwa muda. Alichukua fimbo yake, akaangalia ule ukuta, akaiacha tena fimbo chini, kwa kuwa kule kulihitaji mikono, akaanza kupanda. Na mimi, ambaye nilikuwa tayari kuwalinda wale kunguru mpaka jioni, niliwaza uso wa mke wangu. Nikamfuata.

Basi tukawa wawili, na hapakuwa na mtu wa tatu. Hapakuwa hata na redio. Mama alipanda kwa mikono na miguu, polepole, anajaribu kila jiwe kabla ya kuliamini, na mimi nilipita kando, mbele kidogo, si nyuma. Nyuma ya mama mkwe anayepanda ukuta si mahali pa mkwe kuwapo hata kwa mawazo. Nilipoona ufa mzuri nilisema kwa sauti, "Jiwe, mwambie mama aweke mguu hapa."

Ikaja sauti yake, kwa utulivu, mdomo karibu na mwamba: "Jiwe, ambia huyu muntu nilikuwa na miguu mbele ya yeye kuzaliwa."

Lakini mguu aliuweka pale.

Tulikwenda hivyo. Viziwa vilididimia nyuma yetu, kila nilipogeuka vilikuwa vimekuwa vidogo zaidi na vyeusi zaidi, na hewa chini ya miguu ilikuwa nyingi mno. Nilikuwa naogopa. Sikuogopa kwa kelele. Niliogopa kama unavyoogopa kanisani ukiwa mtoto, padri anapoinua ile sahani na kengele inalia. Niligusa mwamba kwa viganja vyote viwili, nikauona ulikuwa na vumbi la dhahabu bandia linalometameta, na ndani ya ufa mmoja maua meupe madogo kuliko tundu la kifungo, hakuna wa kuyaona, yamefunguka yote.

Kisha tukafika kwenye ukuta mmoja usio na ngazi.

Ulikuwa unanizidi kimo kwa mkono, laini, umelowa, na juu yake bamba la jiwe la kulalia tumbo. Mimi niliupanda kwa namna ambayo sitaieleza, kifungo kimoja cha koti kilibaki kule. Mama alibaki chini. Alijaribu mara moja, akateleza, akajaribu tena. Kutoka juu niliona kitambaa chake cha kichwa na nywele nyeupe zilizochomoza pembeni.

Alikivua kitenge cha mabegani akanirushia ncha moja. Hapo nilikuwa kwenye kazi yangu: nilikikunja kwa urefu wa uzi, maana ukikivuta kwa upana kinachanika, nikajizungushia kiganjani, nikavuta. Kitenge kilishika vizuri. Mikono yake haikushika. Vidole vilikuwa vimelowa na vimechoka, kitambaa kilipita ndani yake polepole mpaka pindo, na alirudi chini, akajigonga goti kwenye mwamba. Sikusikia akilia. Alikaa tu, ameshika goti, anatazama chini kule viziwa vilipo, na ukungu ulikuwa unashuka kutufuata.

Nikajua tumefika mwisho, na kwamba jibu la mama lilikuwa linaandaliwa hapo chini yangu kwenye lile jiwe. Atashuka, atabaki, na mimi nitarudi Bukavu kumweleza mke wangu kwamba mama yake amezuiwa na ukuta usiofika hata dari la sebule yetu, nami nilikuwa juu yake na mikono miwili mizima.

Mama aliinua uso, si kwangu. Kwenye mwamba uliokuwa kati yetu.

"Jiwe," alisema, "uliza huyu muntu iko na nini mu mifuko."

Nikaelewa. Katika ukoo wao, mkwe anayetaka kupunguza umbali anatoa kitu. Kitu kile kinafungua mkono. Kwa kawaida ni mbuzi, na unamtoa uani, mbele ya wazee na pombe ya ndizi. Mimi sikuwahi kumtoa, kwa sababu nani alikuwa na mpango wa kushika mkono wa mama mkwe? Nikaliambia jiwe kwamba mbuzi nitamleta, tena mwenye afya.

"Jiwe, ambia yeye mbuzi ya kesho haiwezi kunivuta leo."

Nilijipekua. Nilikuwa na biskuti zilizopondeka. Aliliuliza jiwe kama yeye anaonekana mtoto wa shule. Nilikuwa na simu. Akasema ile simu ina sauti ya binti yake ndani yake na hata hiyo haifiki huku. Nilikuwa na utepe wa kupimia, maana hauniachi. Hakuujibu kabisa.

Nikavua koti.

Niliteremsha mkono nikaliweka kwenye kijukwaa cha mwamba alichoweza kukifikia, nikarudisha mkono. Alilichukua. Na pale, mgongo kwenye ukuta na shimo la hewa mbele ya magoti yake, aligeuza koti nje ndani akakagua mishono kama mteja wa soko la Kadutu. Alivuta bega moja. Alipitisha ukucha kwenye pindo. Alipofika mahali kilipokosekana kifungo alitoa sauti ndogo puani. Kisha akalivaa, mikono ikampita vidole, akakunja mara mbili.

Halafu akaninyooshea uso, mimi, macho kwa macho. Sikuwa nimewahi kujua macho yake yana rangi gani. Ni rangi ya chai.

"Mukwe," alisema. "Nipe mukono."

Nililala tumbo juu ya bamba nikampa mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto. Baridi yote ile, na mikono ilikuwa ya moto na migumu kama mpini wa jembe, na ilinishika kwa nguvu kiasi kwamba kwa muda sikujua kama mimi ndiye ninayempandisha au yeye ndiye anayenishusha. Nikavuta. Niliomba Mungu, niliomba na tumbo langu, ambalo kwa mara ya kwanza maishani lilikuwa na faida, maana lilikuwa nanga. Akapanda. Tulilala kando kando pale juu tukihema, na hakuna aliyeharakisha kuachia.

Kutoka hapo ilikuwa mwinuko mdogo wa mawe mapana, na kisha hapakuwa na kitu. Jiwe lilikuwa limeisha. Tulisimama ndani ya ukungu, weupe mbele, weupe nyuma, nami natetemeka kwa shati. Mama akaketi. Akasema tungoje. Sikuthubutu kusema ukungu wa kule unaweza kukaa siku nzima. Tulingoja. Nilijikunyata kwenye ufa, nikafikiria nyumba yangu, nikajihurumia kwa utaratibu, kiungo kimoja baada ya kingine.

Ukungu haukuondoka, ulipasuka. Ulipasuka kama kitambaa ukishakianzisha kwa mkasi, kidogo kwanza, halafu mara moja mpaka mwisho.

Nitajaribu kusema tulichoona. Chini kabisa ya vidole vya miguu yetu, viziwa viwili, na sasa nikaona kwamba si viwili: kijito chembamba kama uzi kinatoka kwa kimoja, kinapita kwenye nyasi kinajipinda, kinaingia kwa kingine. Upande wa kulia milima, na nyuma yake milima, na nyuma yake tena, mpaka ile ya mwisho haikuwa na tofauti na mbingu ila kwamba haikusogea. Upande wa asubuhi ardhi ilianguka mbali, ikawa bonde lenye rangi ya mkate ambako mto Ruzizi unapita. Kaskazini, kipande cha ziwa Kivu, kimelazwa pale, kinawaka. Kivuli cha wingu moja kilikuwa kinatembea juu ya vijiji. Kilifunika kimoja, watu wake wakaingia gizani bila kujua, kikakiacha, kikachukua kingine. Yote haya bila sauti yoyote. Mimi nina maneno ya kila kitu, waulize wateja wangu. Nilitafuta neno la kuchekesha, na sikulipata. Nilijisikia mdogo, na haikuniuma. Nilijikuta nimevua kofia, sijui lini.

Mama alikuwa amesimama, koti linamfika magotini. Alitazama muda mrefu bila kugeuza kichwa. Kisha akageuka.

"Sasa, Bukavu iko wapi?"

Nilijua ilipaswa kuwa wapi. Niliufuata ule ukingo unaowaka wa ziwa mpaka unapoingia ndani, na hapo, mbele yake kabisa, ulikaa mlima mrefu, mnene, umeupa mji wote mgongo. Hapakuwa na Bukavu. Hapakuwa na paa, hapakuwa na katedrali, siku ya moshi wala isiyo ya moshi. Mbali zaidi, ng'ambo ya ziwa, kulikuwa na weupe weupe fulani, labda mchanga, labda mabati ya watu wengine kabisa. Ningenyoosha kidole tu. Mke wangu angefurahi, mama angekuja, mimi ningerudi kwenye cherehani. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka.

Lakini alikuwa ananitazama na yale macho ya chai, na kiganja changu kilikuwa bado na moto wa mikono yake.

"Haionekani, mama," nikasema. "Iko nyuma ya mlima ule."

Akautazama mlima ule. Akatazama kushoto kwake, kulia kwake, akapima. Nilingoja jibu, jibu ambalo nilikuwa nimetumwa kulichukua. Badala yake nikaona mabega yanaanza, ndani ya koti langu, yale yale ya kwenye majani mekundu, ila safari hii hakugeuza uso. Alicheka mpaka akajifuta kwa mkono wa koti.

"Bandugu yangu bote," alisema. "Balifika hapa, baliona hii yote. Na balirudi kuniambia juu ya manyumba."

Aliketi tena. Alinionyesha chini, kwenye ukingo wa kiziwa cha karibu, jiwe moja ambalo mimi nisingeweza kulitofautisha na mengine. Pale ndipo alipokuwa akisimama na ndama, akitazama huku juu, akingoja vichwa vyao vitokeze. Alikuwa anayajua yale maji kwa baridi yake na kwa kina chake, alisema, lakini hakujua kwamba yana sura. Tukayatazama. Jiwe halikutumwa tena.

Kisha, bila kuniangalia, akauliza nyumba yangu ina dirisha upande gani.

Nikasema upande wa ziwa, ndilo la sebule, watu wote wanalisifia.

"Ziwa hapana. Upande ya huku."

Nikasema upande wa huku liko moja, la chumba cha nyuma, lakini hapo pana cherehani yangu, mwanga wake ni mzuri kwa uzi mweusi, na isitoshe kutoka pale hauonekani mlima wowote ila ukuta wa jirani.

"Nimeona kwetu iko upande gani," alisema. "Ukuta hainizuie. Cherehani utahamisha."

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, nitakuachia hapo. Kwenye ule ukuta nilitangulia mimi, na alinipa mkono kabla sijauomba.

Shemeji alikuwa amelala chali kando ya maji, mizigo chini ya kichwa. Aliamka, akamwona mama yake ndani ya godoro langu, akaniona mimi ndani ya shati langu, akafungua mdomo kunicheka. Kisha akaufunga. Alishika kamba ya mzigo, akaifungua, akaifunga.

"Sasa?" akauliza.

Mama aliinama kunawa. Alinawa mkono mmoja, akanawa wa pili, akakung'uta maji. Nilitazama viatu vyangu. Kijana yule mkubwa, dereva wa lori, alikuwa anangoja na uso wa mtoto aliyevunja chungu.

"Inaonekana," mama alisema. "Bukavu yote. Naenda kukaa kule."

"Na katedrali?"

"Na katedrali. Uliza mukwe."

Nikasema ndiyo, na nguo za jirani yangu kwenye kamba, tena alikuwa amesahau kuanua.

Shemeji akashusha pumzi ambayo sijui alikuwa ameibeba tangu mwaka gani. "Si niliwaambia," alisema, akatupa mizigo begani na kutangulia. Na njia yote ya kushuka, kwenye nyasi za maji, kwenye vichaka vyenye ndevu, ndani ya mianzi, alitueleza tulichoona: kwanza peninsula inayoingia ziwani, halafu soko, halafu barabara ya kwenda Mumosho, na malori juu yake kama siafu. Mama alimfuata akiitikia, "Eeh. Njo hivyo." Na kila alipopotea zaidi, ndivyo alivyomwitikia kwa nguvu zaidi.